Anayetazama Anadaiwa Nini?

Nianze na swali lenyewe, ili msomaji asichoke kunisubiri. Mtu akija akasimama kwenye uwanja wako ili aone kitu kilicho mbali, akakiona, kisha akaondoka na kile alichokiona, je, ameondoka na deni? Na kama alichokuja kutazama si kitu cha mbali, ni wewe mwenyewe na watoto wako, je, deni ni lile lile au limekuwa kubwa zaidi?

Swali hili halikutoka kwenye kitabu. Lilitoka kwenye kikundi chetu cha Jumamosi hapa Lobule, wilaya ya Koboko, ambapo vijana wa kambi na vijana wa wenyeji hukaa pamoja chini ya paa moja la bati. Tunaongea mambo ya shule, mimba za mapema, pombe, kazi za kutafuta. Mara moja moja, sola ikiwa na nguvu, tunafungua kompyuta ya kituo na kutazama picha za anga. Siku moja msichana wa kidato cha pili aliuliza, kwa Kiswahili chetu cha upande wa Congo: "Sasa mwalimu, hii picha iko ya nani? Tukiibandika ku mlango, hawatatukamata?" Wenzake wakacheka. Nikamwambia hakuna wa kumkamata, picha ile ni ya kila mtu. Akanitazama, akasema: "Ya kila mutu? Basi na mimi niko na fungu yangu mule. Iko wapi?"

Siku ile hatukuwa na muda wa kulimaliza. Ndiyo maana naandika hapa, kwa ajili yake na kwa ajili ya wale wanaotuhudumia, maana naona swali lake linawagusa na wao.

Wengi wetu tunadhani utafiti wa nyota ni mambo ya nchi za mbali ambayo hayajawahi kufika kwetu. Si kweli. Yamefika, tena zaidi ya mara moja, na kila yalipofika yalitumia uwanja wetu.

Tuanze karibu na nyumbani. Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa. Kivuli cha mwezi kilitoka bahari ya Atlantiki, kikapita Gabon na Congo, kikaingia Uganda, kikaendelea mpaka Turkana kule Kenya. Kwetu West Nile, mahali pa kuona jua likifunikwa kabisa palikuwa Pakwach, pale daraja la Nile linapotufungulia njia ya Kampala. Watu walikuja kwa magari, na kamera zenye midomo mirefu, na miwani ya karatasi. Hata Rais Museveni alikuwepo. Giza kamili lilikaa sekunde chache tu, nusu dakika haikufika. Sisi wa upande wa Koboko tuliona jua likiliwa sehemu kubwa, na mwanga ukawa kama wa taa ya sola inayoishiwa chaji. Kisha jua likarudi, na wageni wakavuka daraja wakaenda zao.

Nani alipata nini siku ile? Wenye nyumba za wageni walipata pesa, wenye boda pia, na sisi watoto tulipata hadithi. Si haba. Lakini hadithi bado si elimu. Mtaani kwetu kulikuwa na maelezo ya kila aina, wengine wakasema dunia inakwisha. Kumbe jambo lenyewe linahesabika. Mwezi unapita katikati ya jua na dunia, na wataalamu wanaweza kukuambia siku, saa na mahali miaka mingi kabla. Mtoto wa darasa la tano ukimpa tochi, chungwa na ndimu, anaelewa kabla ya kengele ya kutoka. Hicho kingeweza kubaki kila kijiji ambacho kivuli kilipita, na gharama yake ni chungwa na ndimu.

Sasa twende mbali kidogo, mpaka pwani ya Kenya. Karibu na Malindi, mahali panapoitwa Ngomeni, Waitaliano waliweka baharini jukwaa la kurushia roketi, likaitwa San Marco. Walichagua pale kwa sababu pako karibu na ikweta, na roketi inayorushwa karibu na ikweta inasukumwa pia na mzunguko wa dunia wenyewe. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ikisherehekea miaka 7 ya uhuru wake, setilaiti ndogo ya Wamarekani ilirushwa kutoka hapo. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi hiyo moja tu, kutafuta eksirei zinazotoka angani. Eksirei hizo hazifiki chini, hewa inazizuia, kwa hiyo ni lazima uzifuate juu. Kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji, setilaiti ikapewa jina la Uhuru. Ndiyo, kwa Kiswahili.

Uhuru ilifanya kazi kwa zaidi ya miaka miwili. Orodha yake ya nne, iliyotoka mwaka 1978, ina vitu 339 vinavyotoa eksirei angani. Data zake zilisaidia wataalamu kukubali kwamba kitu kinachoitwa Cygnus X-1 ni shimo jeusi, yaani mahali penye uvutano mkali mpaka mwanga wenyewe hauwezi kutoka. Kiongozi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Mpaka leo vitu vingi vya orodha ile vinaitwa kwa namba zinazoanza na 4U, na hiyo U ni Uhuru. Mtafiti wa Japani au wa Ujerumani akiandika 4U leo, anaandika herufi ya neno letu, hata kama hajui.

Niliposoma habari hii nilifurahi sana, halafu furaha ikaanza kupoa. Jina lilikuwa letu. Lakini jina si shule. Italia na Kenya zilitia saini mkataba mpya kuhusu kituo kile mwaka 2016, wenye vipengele vya kufundisha Wakenya na kuwapa njia ya kupata data. Sisemi kabla ya hapo hakukuwa na lolote. Nahesabu tu: kutoka 1970 mpaka 2016 ni miaka 46. Mtoto aliyezaliwa Ngomeni siku roketi iliporuka angeweza kuwa tayari babu wa watu.

Najua hapa nitapingwa, maana nimeshapingwa. Rafiki yangu anayefundisha fizikia Arua aliniambia: "Sasa ndugu yangu, wavuvi wa Ngomeni walifanya nini? Hawakutengeneza setilaiti, hawakulipa, hawakukesha wakisoma namba. Nyota si shamba la mtu. Aliyefanya kazi ndiye mwenye mavuno."

Hoja hiyo ina nguvu na siwezi kuipita pembeni. Ni kweli nyota hazina mwenyewe, na ni kweli jasho lina haki yake. Lakini sisi tunaoishi hapa tunajua desturi nyingine inayokwenda pamoja na hiyo. Mwenyeji akikuachia kipande cha ardhi, wewe ndiye unayelima. Jembe lako, mbegu zako, mgongo ni wako. Hata hivyo wakati wa mavuno hupiti mbele ya nyumba yake na magunia kama mtu usiyemjua. Unasimama, unasalimia, unaacha kitu. Hakuna karatasi inayokulazimisha, lakini usipofanya hivyo, mwaka ujao utalima barabarani.

Nchi ya Chile, Amerika ya Kusini, imefanya desturi kama hiyo kuwa makubaliano. Jangwa lake la Atacama lina anga kavu na safi, na mataifa tajiri yamejenga darubini zao kubwa pale. Chile ikasema: sawa, jengeni, lakini asilimia 10 ya muda wa kutazama iwe ya wanasayansi wa vyuo vyetu. Haikuchukua darubini za watu, wala haikudai kwamba nyota ni zake. Ilidai fungu la aliyetoa mahali pa kusimama, na kwa fungu hilo ikalea wanasayansi wake wenyewe.

Na hapa West Nile hatuhitaji kufundishwa hesabu hiyo. Uganda ina kanuni kwamba asilimia 30 ya msaada unaoletwa kwa ajili ya wakimbizi iende kwa wenyeji. Ndiyo maana kisima kimoja kinachimbwa ndani ya kambi na kingine kijijini. Tunaweza kugombana kama kanuni inafuatwa vizuri au la, na tunagombana kweli, lakini msingi wake hakuna anayeupinga. Anayetoa mahali pa kusimama naye ana fungu. Kama ni haki kwa unga na maji, sioni kwa nini isiwe haki kwa maarifa.

Sasa niwape watu wa nyota sifa yao, maana wana kanuni nzuri kuliko watu wengi ninaowafahamu. Mtafiti akipewa muda kwenye darubini kubwa, mara nyingi data inakuwa yake peke yake kwa kipindi, mwaka mmoja au chini ya hapo, ili asinyang'anywe jasho lake. Kipindi kikiisha, data inafunguliwa kwa kila mtu. Chombo cha Ulaya kinachoitwa Gaia hakikuweka hata kipindi hicho. Mwaka 2022 taarifa zake za nyota karibu bilioni 1.8 zilitolewa kwa dunia nzima siku moja, tajiri na maskini pamoja.

Na watu wa kawaida wameshafaidika. Mwaka 2007 watafiti walikuwa na picha karibu milioni moja za galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, na hawakuwa na macho ya kutosha ya kuzipanga. Wakaomba watu wowote wenye intaneti wasaidie, na mradi ukaitwa Galaxy Zoo. Mwalimu mmoja wa shule kule Uholanzi, Hanny van Arkel, akaona kwenye picha moja kitu cha ajabu, akauliza ni nini. Wataalamu hawakuwa na jibu, wakakifuatilia, na leo kitu hicho kinaitwa kwa jina lake. Hakuwa na darubini. Alikuwa na macho, muda na intaneti.

Macho tunayo. Muda, Mungu anajua, kambini tunao mwingi kuliko tunavyotaka. Tatizo ni hicho cha tatu.

Hapo ndipo neno "wazi" linaponisumbua. Mlango ulioachwa wazi ng'ambo ya mto usio na daraja ni mlango wazi kweli, hakuna aliyedanganya. Lakini ukikaa ng'ambo hii njaa yako ni ile ile. Bando la kufungulia picha chache ni pesa ya sabuni au ya kusagisha mahindi. Mtandao wenyewe huku mpakani unapotea, na ukirudi simu inakukaribisha Congo wakati umekaa Uganda. Ukifanikiwa kuingia, maelezo yote ni kwa Kiingereza kigumu. Na mambo yanazidi kuwa makubwa. Darubini ya redio inayojengwa Afrika Kusini na Australia, inayoitwa SKA, inatarajiwa kuhifadhi zaidi ya petabaiti 700 za data kila mwaka. Ukitaka kuziweka kwenye flashi za GB 64 tunazonunua mjini, utahitaji flashi zaidi ya milioni 10. Data hiyo hata ikifunguliwa saa hii, nani ataibeba?

Sisi tumejifunza kubeba kwa njia yetu. Kijana anayekwenda Arua kwa shughuli zake anapewa flashi ya kituo. Akifika mahali penye intaneti nzuri anapakua picha, masomo mafupi ya video, na programu ya bure inayoitwa Stellarium inayoonyesha anga ya mahali ulipo. Akirudi Koboko tunakaa tunabishana juu ya maneno. Kuna jioni nzima tuliitumia kutafuta namna ya kusema "mwaka wa nuru" bila mtu kudhani ni mwaka wenye jua kali. Mwisho tukakubaliana kusema ni mwendo, si muda: njia ambayo mwanga unaimaliza kwa mwaka mzima. Kwenye kompyuta tulionyeshwa pia kile kikundi cha nyota ambacho Kiswahili kinakiita Kilimia, kwa sababu kilikuwa kikiwaambia watu wakati wa kulima. Tukatoka nje, tukakiona pale pale juu ya paa la kituo. Kijana mmoja akasema: "Kumbe hii tuliikuwa nayo siku zote."

Kutokana na hayo nimefikia wazo moja. Data haishirikishwi kwa kufunguliwa tu. Inashirikishwa inapobebwa mpaka kwa mtu, kwa lugha anayoielewa, na pakawa na mtu wa kukaa naye anapouliza. Kenya wapo wanaofanya hivyo. Susan Murabana na wenzake wanazunguka na darubini mpaka shule za mbali ili watoto watazame wenyewe. Kufungua ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni miguu.

Hapa mama mmoja wa bloku yetu atanikatiza, kama alivyonikatiza siku moja alipokuja kumtafuta mtoto wake kituoni. "Mwanangu," alisema, "nyota hazijazi sufuria." Tangu mwaka 2023 mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda umegawanywa kwa makundi, na kundi la tatu halipati kitu. Mama huyu yuko kundi la tatu.

Sina haki ya kumwambia mtu mwenye njaa atazame juu. Nikilazimishwa kuchagua kati ya gunia na darubini, nachagua gunia, tena bila kufikiria mara mbili. Lakini nimekaa hapa miaka na sijawahi kuona mtu akituletea chaguo hilo. Mtoto wa mama yule akinyimwa nyota, sufuria haiongezeki hata kikombe cha maharage. Anabaki na njaa mbili badala ya moja. Tena mara nyingi wanaosema mkimbizi anahitaji chakula tu si wakimbizi. Wanasema hivyo kwa huruma, lakini huruma ya namna hiyo inampunguza mtu. Mtoto wa Lobule ana tumbo, na juu ya tumbo ana kichwa.

Kuna jambo jingine pia. Yule mama aliwekwa kwenye kundi lake kwa nini? Kwa data. Watu walikuja na tableti wakauliza: watoto wangapi, mnakula mara ngapi kwa siku, nyumba ni bati au nyasi, una mbuzi? Majibu yakaingia kwenye mashine, mashine ikatoa namba, namba ikawa kundi. Hakuna aliyekaa naye kumwonyesha namba yake ilivyopatikana. Kwa hiyo anayedhani mambo ya data ni ya watu wa nyota, ajue kwamba sisi tunakula kwa data na tunalala njaa kwa data. Kijana anayejifunza kusoma jedwali la nyota ndiye atakayeweza kesho kusoma jedwali la mama yake na kuuliza swali lenye akili.

Ndipo narudi kwenye sehemu ya pili ya swali langu. Sisi wakimbizi ni watu wa kutazamwa. Mwaka 2018 wakimbizi wote wa Uganda tulihakikiwa upya, kwa alama za vidole na picha za macho. Sipingi kuhesabiwa, asiyehesabiwa hali. Lakini nje ya hesabu hiyo ya serikali, wametujia watafiti wa kila namna. Wameuliza juu ya vita, ndoa, choo, ndoto mbaya, hedhi za binti zetu. Tumejibu kwa adabu, wengine wakilia. Majina ya mashirika siyataji, na yapo yanayofanya vizuri. Nauliza tu, wewe unayesoma hapa ukiwa mkazi wa kambi: kati ya wote waliokuuliza, ni wangapi walirudi kukuambia waliona nini?

Linganisha sasa. Nyota ikitazamwa, baada ya kipindi kifupi dunia nzima inaruhusiwa kuona kilichopatikana. Sisi tukitazamwa, hata sisi wenyewe hatuoni.

Asije mtu akadhani nataka data zetu zifunguliwe kama za nyota. Hapana kabisa. Nyota haina aibu. Haina adui aliyevuka mpaka kuitafuta. Mtu anaweza kuwa naye. Kuna watu hapa ambao jina lao na namba ya bloku yao zikifika mikono mibaya, hawatalala tena. Kwa hiyo kanuni ya nyota haiwezi kuhamishwa kwetu kama ilivyo, inabidi igeuzwe. Data ya nyota inaanza kwa mtafiti na kuishia kwa watu wote. Data ya mtu irudi kwanza kwa mtu mwenyewe, na isitembee mbali bila yeye kujua. Kwa nyota kosa ni kuficha. Kwa mtu kosa linaweza kuwa kufunua. Lakini kote kuwili deni ni moja: kurudi. Anayetazama anadaiwa kurudi na kusema, hiki ndicho nilichokiona.

Hili si la zamani tu, lina kesho yake. Ile SKA niliyoitaja inajengwa Karoo, Afrika Kusini, ambako tayari kuna darubini ya MeerKAT yenye masahani 64, iliyozinduliwa mwaka 2018. Kenya ni moja ya nchi 8 za Afrika zilizo washirika wa mpango huo. Uganda nayo ilirusha setilaiti yake ya kwanza, PearlAfricaSat-1, Novemba 2022. Ilitengenezwa na wahandisi vijana wa Uganda waliosomea kazi hiyo Japani, na kituo chake cha kupokea data kiko Mpoma, Mukono. Arua tuna Chuo Kikuu cha Muni. Milango inasogea karibu. Sasa ndio wakati wa kusema fungu letu ni lipi, kabla kila kitu hakijaandikwa. Miaka 46 ya Ngomeni isirudiwe.

Kwenye kesho hiyo kuna jambo la giza ambalo sitaki lisahaulike. Wataalamu wa nyota wanalipenda giza. Afrika Kusini ilitunga sheria mwaka 2007 ya kulinda maeneo ya darubini zake, ili mwanga na mawimbi ya redio yasiwasumbue. Kambi yetu usiku ina giza zuri sana kwa nyota. Lakini giza hilo hatukulichagua. Ni giza la kukosa umeme, na wasichana wetu wanaogopa kwenda chooni kwa sababu yake. Kwa hiyo mtu akija kusifu anga letu, tunamshukuru, halafu tunamwomba asaidie kuleta taa. Taa iliyofunikwa juu na kuangaza chini inamwonyesha msichana njia na kumwachia mtazamaji nyota zake. Ubaya ungekuwa kutuacha gizani ili anga letu libaki zuri.

Ningependa pia tusijifanye wadai tu. Na sisi ni watazamaji. Kijana aliyepelekwa semina Arua kwa jina la kambi amesimama kwenye uwanja wa wenzake. Mimi ninayeandika ripoti za kituo, natazama maisha ya watu na kuyageuza namba. Binti akipata nafasi ya kusoma sayansi Muni au Mbarara, alisimama juu ya mabega ya mama aliyeuza mkaa. Wote tunadaiwa lile lile tunalowadai watu wa darubini: kurudi, kukaa chini, kusema tulichokiona kwa lugha ya nyumbani. Kituoni tumeanza kulifanya sheria. Anayekwenda mafunzo, Jumamosi inayofuata anafundisha, hata kama ni nusu saa. Na kila ripoti tunayotuma juu ya kikundi inasomwa kwanza mbele ya kikundi, bila majina ya watu, na wao wanasema kama ni kweli.

Kwa yule msichana, jibu langu ni hili. Ndiyo, una fungu mule. Nusu yake tayari iko wazi na hakuna wa kukukamata. Nusu nyingine iko kwenye miguu ya watu ambao wanapaswa kukuletea, na kwenye mdomo wako wewe kuwakumbusha. Picha uliitaka, na uliibandika. Imekaa kwenye mlango wenu, imeanza kupauka kwa jua, na wadogo zako wamekuwa wakikuuliza ni nini. Waeleze.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, mkija tena na tableti, karibuni. Kabla ya swali la kwanza, tuambieni mtarudi lini.